Makaratasi ya Kale Yasitolewe kwa Bei ya Kutupa

Katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba, uvunguni mwa kitanda au juu ya kabati la marehemu, lipo sanduku ambalo halifunguliwi ila siku ya msiba. Ndani yake huwamo hati za shamba, barua zilizotoka Mombasa, Bombay, Maskati na Ngazija, vitabu vya chuoni vilivyoliwa pembe na wadudu, na pengine noti moja mbili za zamani zilizosahauliwa baina ya kurasa. Sanduku likifunguliwa, warithi hugawana dhahabu na minazi. Makaratasi hutupwa jaani. Na ni katika saa hiyo hiyo ndipo anapotokea mtu mpole, mwenye mkoba na maneno matamu, akauliza kama hapana takataka za kumuuzia.

Biashara ya stempu, noti na maandishi ya kale si haramu, na sisi hatuipigi vita. Mwenye mali ana haki ya kuuza mali yake, hasa akiwa na karo ya mtoto au dawa ya mgonjwa. Tunachokipinga ni biashara ambayo upande mmoja unajua kila kitu na upande wa pili haujui lolote, kisha yule ajuaye akajifanya anatoa sadaka. Hiyo ni ulanguzi, wala haibadiliki kuwa kitu kingine kwa sababu bidhaa yake ni karatasi na si sukari au mchele.

Asiyeamini kwamba karatasi kuukuu yaweza kuwa mali kubwa, na atazame yanayotendeka Marekani. Mwaka 1938 kilitoka huko kijitabu cha hadithi za picha, Action Comics namba 1, ambacho mtoto aliweza kukinunua kwa senti 10. Mwezi Aprili 2024 nakala moja ya kijitabu hicho iliuzwa mnadani kwa dola milioni 6. Mwezi Novemba 2025 nakala ya Superman namba 1, ya mwaka 1939, iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 9. Nayo ilikuwa imeokotwa na ndugu watatu darini mwa nyumba ya mama yao aliyefariki, katika rundo la magazeti ya zamani. Hadithi zenyewe ni za kuchekesha watoto. Thamani yake imetokana na mambo matatu tu: zilizosalia ni chache, maana nyingine zilitupwa na nyingine zikakusanywa wakati wa Vita Kuu ya Pili ili karatasi itumike upya, wanaozitaka ni wengi, na hiyo moja imehifadhika vizuri. Hata Chakubanga wetu, aliyechorwa na Christian Gregory katika gazeti la Uhuru na kutuchekesha kwa miaka mingi, nani kati yetu aliyemkata akamweka? Leo hana bei. Na yule wa senti 10 naye alikuwa hana.

Sisi visiwani hatukuwa na vijitabu vya namna hiyo, lakini tulikuwa na posta, na posta ya Zanzibar ina historia inayotafutwa na wakusanyaji wa dunia nzima. Hadi mwaka 1895 barua za hapa zilipitia katika Posta ya India. Mwaka huo stempu za India zilipigwa chapa ya neno Zanzibar juu yake, na kazi hiyo ilifanyika hapa hapa Mjini, katika kiwanda cha gazeti la Zanzibar Gazette. Mpangaji herufi alikosea mara kadhaa, na pahala penye Zanzibar pakasomeka Zanzidar. Kosa hilo, ambalo pengine lilimpatia fundi maneno makali siku ile, ndilo leo linalogombaniwa na matajiri. Walaghai nao walilitambua zamani: huchukua stempu ya kawaida ya India, ambayo haina thamani, wakaipiga chapa ya uongo, kisha wakaiuza kama johari.

Wafaransa nao waliweka posta yao Mjini tangu mwaka 1889 hadi 1904, na bahasha zilizopita kwao zina wapenzi wake. Mwaka 1908, katika zama za Sultani Ali bin Hamud, zilitolewa stempu za thamani ya kutisha, rupia 10 hadi rupia 200. Hakuna barua ya kawaida iliyohitaji stempu ya rupia 200. Za thamani kubwa namna hiyo kwa kawaida hubandikwa kwenye hati na malipo ya ushuru, zikatiwa kalamu; na hapo mlaghai hupata mwanya wa kuifuta wino ile, akagonga muhuri wa posta wa kughushi, ili stempu ionekane kuwa imesafiri na barua. Mwenye jicho huona: penye wino uliofutwa, karatasi hupauka na kulegea.

Zipo pia zile zinazotugusa zaidi. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, stempu zilizokuwamo ndani ya posta zilikuwa na picha ya Sultani, na barua hazikuweza kungoja mpaka stempu mpya zifike kutoka ng'ambo. Zikapigwa muhuri wa mkono wenye maneno JAMHURI 1964. Baadaye zikaja zilizopigwa chapa kwa mashine. Yule karani aliyekaa na kibao cha wino akigonga muhuri huo karatasi baada ya karatasi alikuwa akiandika historia ya nchi hii, ajue asijue, na bahasha iliyopita Chake Chake au Wete katika wiki zile ni ushahidi wa siku za mwanzo za Jamhuri yetu. Lakini muhuri wa mkono ni chepesi kuigwa kuliko chapa yoyote, na mnunuzi asiyelijua hilo atauziwa kazi ya juzi. Stempu za Zanzibar peke yake ziliendelea hadi mwisho wa mwaka 1967, kisha zikashika nafasi yake stempu za Tanzania.

Noti ni kisa kingine. Serikali ya Zanzibar ilitoa noti zake za rupia tangu mwaka 1908, zikiwa na picha ya jahazi na ya wachuma karafuu. Mwaka 1936 ziliondolewa, ikaletwa shilingi ya Afrika Mashariki, na rupia moja ikabadilishwa kwa shilingi moja na nusu. Mwenye akili timamu alikwenda kuzibadilisha, na kwa sababu hiyo zilizobaki ni chache mno. Aliyesahau noti moja ndani ya kitabu, au aliyeificha akafa bila ya kusema, amewaachia wajukuu wake kitu ambacho katika minada ya London hulipiwa maelfu ya pauni. Tunamwomba kila mwenye nyumba ya zamani, kabla hajatupa kitabu, akifungue ukurasa kwa ukurasa.

Pamoja na hayo, hatutaki kuwapandisha watu kichwa. Si kila cha zamani ni cha thamani. Stempu nyingi zilizomo masandukuni ni zile za miaka ya 1950 na 1960, zilizochapishwa kwa wingi, na bei yake haifikii nauli ya daladala. Na tarehe iliyoandikwa kwenye kitu si kuzaliwa kwake. Reale ya Maria Theresa, ambayo wazee wetu waliitumia katika mahari na katika biashara ya Bahari ya Hindi, imeandikwa mwaka 1780 kila moja, kwa sababu malkia huyo alikufa mwaka huo na tarehe ikaachwa vivyo hivyo. Zimepigwa Vienna, Bombay, London na kwingineko kwa zaidi ya karne mbili. Anayekwambia kwamba reale yake ina umri wa miaka 240 kwa kuwa imeandikwa 1780, ama hajui ama anakujua wewe kuwa hujui.

Basi dawa ni nini? Tuanze na lile tulilolisoma chuoni. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza watu kuwatokea njiani wenye misafara ili kununua bidhaa zao kabla hawajafika sokoni na kuijua bei. Na imepokewa katika hadithi hiyo hiyo kwamba muuzaji huyo ana khiyari akishafika sokoni. Yule mpole mwenye mkoba anayepita Makunduchi, Nungwi au Micheweni nyumba kwa nyumba anafanya jambo gani, ila hilo hilo? Mkulima wa karafuu akifika kituoni huiona mizani kwa macho yake, na daraja ya karafuu zake hutajwa mbele yake. Hata pesa ya shaba ya Sayyid Barghash, ile ya mwaka 1299 wa Hijra, ilichorwa mizani. Katika biashara ya makaratasi mnunuzi huja na mizani yake kichwani, na haionyeshi.

Kwa hiyo mwenye kitu asiuze siku ile ile. Mnunuzi wa kweli atarudi kesho, na anayesema kwamba ndege yake inaondoka saa nane amekwisha kukuambia alivyo. Kitu kipigwe picha mbele na nyuma, pamoja na rula pembeni, kionyeshwe kwa watu wawili au watatu wasiojuana. Siku hizi kijana yeyote mwenye simu anaweza kuona, kabla ya adhuhuri, bei ambazo vitu kama hivyo vimeuzwa kweli katika minada iliyopita. Tunasema zilizouzwa kweli, kwa sababu bei anayoitaka mtu si bei aliyoipata. Vivyo hivyo katalogi: lile maarufu la Stanley Gibbons la London huonyesha bei ambayo wao wenyewe wangemuuzia mteja stempu iliyo nzima na safi, wala si bei watakayokupa wewe kwa stempu yenye doa. Wapo waliokosa mnunuzi mwema kwa kushikilia namba iliyoandikwa katalogini, mpaka mchwa wakaamua kesi.

Stempu isikatwe kwenye bahasha. Tungependa jambo hili lisomwe mara mbili. Watu wengi hudhani kwamba thamani imo katika kipande kile cha rangi, wakachukua mkasi, wakatupa bahasha. Kumbe muhuri wa posta, tarehe, jina la mji na njia barua iliyopita ndivyo vinavyotafutwa. Bahasha nzima yenye muhuri wa Mkoani yaweza kushinda mara nyingi stempu ile ile ikiwa peke yake. Wala pasifanywe usafi. Noti isipigwe pasi, isifutwe kwa kitambaa cha maji, isibandikwe utepe wa gundi pahala ilipochanika, isitiwe ndani ya plastiki ya kuyeyushwa kwa moto. Kila tengenezo la namna hiyo ni jeraha jipya, na mjuzi huliona mara moja akapunguza bei. Visiwa vyetu vina unyevu na chumvi ya bahari, navyo ni maadui wa karatasi: yawekwe pahala pakavu, mbali na ukuta na sakafu, katika bahasha safi za karatasi, yafunguliwe kila baada ya miezi michache yapate hewa kivulini. Jua ni adui wa rangi.

Wakati wa kuuza ukifika, kitu kisitoke mkononi kabla ya fedha kuingia. Aombaye akichukue "akakichunguze" kwa siku mbili atoe stakabadhi yenye maelezo kamili na picha, mbele ya mashahidi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, iliyomo katika sura ya Bakara, inahusu kuandika deni na kushuhudisha. Sijui kwa nini sisi Waislamu wa visiwa hivi tunaisoma kwa tajuwidi nzuri kisha tunakabidhiana mali kwa kupeana mikono. Mali bila ya daftari hupotea bila ya habari. Hati ya mauzo iandikwe majina, tarehe, bei na sifa ya kitu, na ikiwezekana sheha wa shehia aishuhudie. Hati hiyo humlinda mnunuzi pia, kwa sababu humwezesha kuthibitisha kwamba hakununua cha wizi. Mwaka 2000 nakala ya kile kijitabu cha mwaka 1938 iliibwa nyumbani kwa mwigizaji Nicolas Cage. Ikaonekana mwaka 2011, na mwaka huo huo ikauzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 2. Kitu kinachojulikana hakiishi mafichoni milele.

Juu ya malipo, wananchi wawe macho zaidi, kwa kuwa hapa ndipo wizi wa leo ulipohamia. Ujumbe wa simu unaosema kuwa fedha zimeingia si fedha. Mtu aangalie salio lake mwenyewe. Hundi ya ng'ambo yaweza kuonekana imepokewa leo na ikarudi baada ya wiki tatu. Mnunuzi anayetuma zaidi ya bei, kisha akaomba arudishiwe ziada, ni mwizi, hata akiwa na cheo na picha ya tai. Makabidhiano ya kitu kikubwa yafanyike ndani ya benki, mchana, wakiwapo mashahidi. Kama kitu kinapelekwa mbali, kipelekwe kwa rejesta na bima, kibanwe baina ya makadi magumu, na asiandike mtu juu ya kifurushi kwamba ndani mna noti ya kale. Anayeuza kwa mnada wa ng'ambo aulize mapema: dalali wa mnada anakata kiasi gani kwa muuzaji, anamtoza kiasi gani mnunuzi, nani analipa bima, na kitu kisipouzwa kitarudi kwa gharama ya nani. Majibu yawe ya maandishi.

Tumesema juu ya muuzaji. Haki inataka tuseme na mnunuzi, kwa sababu wananchi wenzetu nao wamo katika kudanganya. Mjini Mkongwe, mji ulioingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, wapo vijana wanaowauzia wageni sarafu zilizopikwa kwenye chai na barua zilizokaushwa juani ili zionekane za karne iliyopita. Wanasema "mgeni njoo, mwenyeji apone". Hayo ni maneno ya ukarimu, na wao wameyageuza kuwa leseni. Sheria ya biashara tuliyofundishwa inamtaka muuzaji ataje aibu ya kitu chake, na akiificha, mnunuzi ana khiyari ya kukirudisha. Stempu iliyobandikwa gundi mpya, noti iliyozibwa tundu, bahasha iliyoongezwa muhuri: zote hizo ni aibu, na kunyamaza ni ghishi. Vile vile katika minada ya mitandao wamezuka watu wanaopandisha bei ya vitu vyao wenyewe kwa majina ya kuazima. Jambo hilo lina jina lake tangu zamani, nalo ni najshi, na limekatazwa. Mnunuzi aweke mpaka wake kabla mnada haujaanza, aandike kwenye karatasi, na asiuvuke.

Wenye kununua vitu vya bei kubwa watake cheti. Kamati ya wataalamu ya Royal Philatelic Society ya London huchunguza stempu na kutoa maoni ya maandishi yenye picha, na kwa stempu ya Zanzidar au ya JAMHURI 1964 ya muhuri wa mkono tusingemshauri mtu atoe fedha nyingi bila ya cheti cha aina hiyo. Wamarekani, kwa vijitabu vyao, walianzisha mwaka 2000 kampuni ya CGC ambayo huvikagua, huvipa daraja hadi 10 kama karafuu zinavyopewa daraja, hutaja kama vimewahi kutiwa rangi au kukatwa kingo, kisha huvifungia ndani ya kifuko kigumu cha plastiki. Mpango huo uliwasaidia sana watu wasiojuana kununuliana kutoka miji ya mbali. Hata hivyo, mwishoni mwa mwaka 2023 ilidhihirika kwamba wapo waliopata njia ya kufungua vifuko hivyo, wakatoa kijitabu kizuri, wakatia kibaya, wakafunga tena. Namba ya cheti ilinganishwe na kumbukumbu za aliyekitoa, na picha ya cheti ilinganishwe na kitu chenyewe, jino kwa jino na doa kwa doa. Cheti kinaweza kuwa cha kweli, na kitu kilichomo kikawa kingine.

Sasa tunawageukia watumishi wa Serikali, na hapa hatutazunguka. Yapo makaratasi ambayo hayauzwi na mtu yeyote kwa bei yoyote: majalada ya ofisi, vitabu vya mahkama na vya makadhi, daftari za wakfu, barua za serikali zilizotangulia na za serikali iliyopo, picha na ramani za idara. Hayo ni mali ya umma. Stempu za ushuru zilizobandikwa katika majalada ya zamani zina wanunuzi, na kila karani anayekaa na majalada hayo katika chumba chenye giza, mshahara wake ukiwa umekwisha tarehe kumi, yumo majaribuni. Kipande kidogo kikikatwa kwenye hati ya shamba, huenda pia ikakatika tarehe au sahihi, na familia nzima ikapoteza ushahidi wa haki yake mahakamani. Mkuu wa ofisi asiyejua idadi ya majalada yaliyomo katika ghala lake hawezi kusema kwamba hayakupungua.

Mkataba wa UNESCO wa tarehe 14 Novemba 1970, unaokataza kuingiza, kutoa na kuhamisha kiharamu mali ya utamaduni, unazitaja stempu za posta na za ushuru, maandishi adimu, vitabu vya kale na nyaraka waziwazi, na Tanzania imeuridhia. Basi watumishi wa forodha katika kiwanja cha ndege na bandarini wasiishie kutafuta makombe na pembe. Bahasha nyembamba ndani ya mkoba wa msafiri yaweza kubeba mengi kuliko mlango wa kuchonga, na mlango angalau huonekana.

Lakini marufuku peke yake huwafukuza watu kwenda gizani, kama tulivyoona katika magendo ya karafuu miaka ambayo bei ya hapa ilikuwa chini na ya ng'ambo ya pili ikawa juu. Mwananchi atauza kwa mpole mwenye mkoba kwa sababu hana pengine pa kwenda. Tunaiomba Wizara inayohusika ifungue meza moja katika Nyaraka za Taifa pale Kilimani, na nyingine Chake Chake, ambapo mtu yeyote anaweza kuleta karatasi yake siku moja kwa wiki, akaambiwa bila ya malipo ni kitu gani, cha zama zipi, na kama kina shaka. Ichukuliwe picha, iandikwe katika daftari, apewe namba, arudi na kitu chake nyumbani. Akitaka kuuza, Serikali ipewe nafasi ya kwanza kwa bei ya haki, na isipokuwa na fedha iseme hivyo ndani ya mwezi mmoja, isimfunge mtu mikono kwa miaka. Kwa yale yasiyopaswa kuondoka, kama vile maandishi ya wanavyuoni wetu, ipigwe nakala kamili hata kama mwenyewe hataki kuyatoa.

Gharama ya meza hiyo si kubwa: taa nzuri, kioo cha kukuzia, rula, mashine ya kunakili picha, daftari lenye kurasa zilizotiwa namba, na makarani wawili waliofundishwa. Matawi ya Chama na masheha watangaze siku zake misikitini na sokoni, na kazi ianze kabla ya mvua za masika, kwa kuwa makasha mengi ya shamba hayana mfuniko mzima.